Fremu ya Chikongola: mchoraji wa tatuu wa Mtwara na wateja wasiotoka mtandaoni

Kisa hiki kinamhusu mchoraji wa tatuu mwenye fremu moja katika eneo la Chikongola, mjini Mtwara. Sitamtaja jina, nitamwita fundi, kama wateja wake wanavyomwita. Nimeufuatilia mwenendo wa biashara yake kwa sababu unagusa swali ambalo mafundi wengi wa miji ya kusini huuliza, kisha wakajibiwa kwa ushauri uliokusudiwa miji mikubwa: mtu anayeuza huduma ambayo majirani zake wengi hawaikubali waziwazi atawapata wapi wateja, ikiwa akaunti zake za mitandao ya kijamii hazimletei mtu kwenye kiti?

Fundi alianza kama wanavyoanza wengi. Alifungua akaunti, akaweka picha za kazi zake, akapata wafuasi kwa kasi iliyompa moyo. Kiti kilibaki kitupu. Alipochunguza waliokuwa wakimsifia, alikuta kwamba wengi wao walikuwa Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, na kutoka Dar es Salaam pekee hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 500 kwa barabara. Mtu aliye mbali anaweza kuona picha ya kitenge, akalipa kwa simu na kutumiwa mzigo kwa basi, lakini tatuu haitumwi kwa basi. Mwili wenyewe hauna budi kufika. Kwa hiyo watu waliomfahamu hawakuweza kuwa wateja wake, na waliokuwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwenye fremu yake hawakumfahamu.

Mambo mengine yaliongezeka juu ya hilo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kwa wakati mmoja na intaneti ikazorota nchini kwa siku kadhaa. Baadaye, wakati wa uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025, ilizimwa kwa siku kadhaa, na Oktoba huku kwetu ndio wakati korosho zinapoingia maghalani na watu wanapoanza kupanga matumizi ya fedha za msimu. Katikati ya vipindi hivyo akaunti yake ilifungwa bila maelezo yoyote, na kazi zote alizokuwa ameziweka humo zikapotea. Alipofika hapo alikuwa na mashine nzuri, mkono mzuri, kodi ya fremu inayodaiwa, na hana mahali pa kuonyesha alichokuwa anakijua.

Jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa bango. Alichapisha kitambaa kikubwa chenye mkono uliochorwa joka, akakitundika mbele ya fremu kikitazama barabara, na akamlipa kijana agawe vipeperushi stendi. Bango halikuleta karibu mtu yeyote, ila lilileta malalamiko. Wazee wa mtaa walifika kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kueleza kwamba watoto wanapita hapo wakienda madrasa, na mwenye nyumba naye akaanza kuzungumzia mkataba. Fundi aliliteremsha bango lake mwenyewe kabla hajaamriwa, na nadhani uamuzi huo ndio uliomwokoa, kwa kuwa ulimwachia heshima katika mtaa ambao bado alihitaji kuishi na kufanyia kazi.

Sababu ya bango kushindwa inastahili kuelezwa kwa kina, maana yote yaliyofuata yametokana nayo. Mtwara mjini, kama mwambao wote wa kusini kupitia Lindi hadi Kilwa, una Waislamu wengi, na wanazuoni wengi wa Kiislamu wanaihesabu tatuu ya kudumu kuwa haramu. Katika familia nyingi za Kikristo nako, mzazi akimwona kijana wake na tatuu hukimbilia kufikiria uhuni. Pamoja na hayo wapo watu wanaoitaka: madereva, wafanyakazi wa bandarini, wanachuo, wanamichezo, akina mama wenye biashara zao, vijana waliorudi kutoka Dar es Salaam. Ila mtu wa namna hii hufikia uamuzi wake kimyakimya, kwa miezi, na mara nyingi bila kumwambia mtu wa nyumbani. Hawezi kusimama barabarani kusoma bango akionekana na shangazi yake anayetoka sokoni, wala hatapokea kipeperushi mbele ya abiria wenzake. Tangazo la hadharani humtaka mteja aonyeshe nia yake hadharani, na hilo ndilo jambo ambalo mteja huyu hayuko tayari kulifanya. Bango likiwa zuri zaidi na kubwa zaidi, linazidi kumfukuza.

Fundi alijaribu pia kushusha bei, na hapo hasara ilikuwa ya haraka. Katika chakula bei ndogo huvuta watu, lakini katika kazi ya sindano huwatia shaka kwamba sindano zinarudiwa. Alirudisha bei yake ya kawaida baada ya muda mfupi.

Mabadiliko yalianzia kwenye kibanda cha kinyozi. Mpango wa awali ulikuwa kumpa kinyozi kadi na kamisheni kwa kila mtu atakayemleta, na kinyozi alileta watu kweli, ila walikuwa vijana wa kusukumwa, wasio na uamuzi, ambao wengine waliishia mlangoni. Isitoshe, mteja mmoja aligundua kwamba kinyozi amelipwa kumshauri, naye akaona ameuzwa. Tangu hapo fundi hakulipa kamisheni tena, na naungana naye kabisa katika hili. Anayekwenda kuchorwa alama ya maisha kwa ushauri wa rafiki anauamini ushauri huo kwa kuwa rafiki hana faida nao; siku atakapojua kwamba faida ilikuwepo, atamtilia shaka rafiki, atamtilia shaka fundi, na hata mchoro wenyewe ataanza kuutafutia kasoro.

Badala ya kamisheni, alimchora kinyozi mwenyewe. Kinyozi alichagua tawi jembamba la mkorosho lenye tunda moja, likipanda kutoka karibu na kifundo cha mkono hadi katikati ya kigasha, na alilipa, kwa bei waliyopatana kati ya wenye biashara wawili. Sasa fikiria kazi ya kinyozi ilivyo. Mkono wake wa kulia uko karibu na uso wa mteja kwa muda wote wa kunyoa, unapita mbele ya kioo tena na tena, na mteja hana kingine cha kutazama. Anaiona mistari kwa ukaribu ambao hakuna picha ya simu ingempa: anaona kwamba haikutawanyika, kwamba ngozi haina uvimbe, kwamba wino umekolea sawasawa. Kama hataki tatuu, hatasema neno na hakuna aliyemkera. Kama anaitaka, atauliza kwa sauti ya chini, “hii umechora wapi?”, na atajibiwa na mtu aliyekwisha kupitia jambo hilo, anayeweza kumwambia iliuma kiasi gani na ilipona kwa siku ngapi.

Upande wa wanawake njia ilikuwa nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo yenye wateja wazuri zaidi. Mwanamke anayechora hina na piko kwa ajili ya harusi huwakalisha wateja wake kwa saa nyingi, huzungumza nao mambo ya nyumbani, na humjua yupi anaogopa sindano na yupi amekuwa akisema kwa miaka kwamba angetamani ua lake lisifutike. Fundi hakumwomba mchora hina amtangazie. Alimwomba amfundishe namna anavyopanga maua yafuate mkunjo wa mkono, na kwa kubadilishana akamweleza kuhusu madhara ya rangi nyeusi zenye kemikali ya PPD, ambayo huweza kuwaunguza watu ngozi na kuwaachia malengelenge. Heshima ilipojengeka kati yao, watu walianza kutumwa bila kuombwa.

Hata hivyo, njia hizi zote zingekufa ndani ya mwaka mmoja kama fundi asingeishughulikia wiki ya pili.

Tatuu ni kidonda. Wino huwekwa kwenye tabaka la pili la ngozi, kina cha milimita 1 hadi 2 hivi. Ukiwekwa juu mno hutoka pamoja na magamba, na ukizamishwa mno husambaa na mstari kupoteza ncha yake. Siku ya kwanza mchoro hung'aa, mteja hufurahi na kumwonyesha kila amwaminiye. Kisha ngozi huanza kubanduka, huwasha, rangi hufifia na kuwa kama imepakwa vumbi, na juu ya ngozi nyeusi hali hiyo hutisha zaidi kwa sababu ngozi mpya iliyo juu ya wino bado haijatulia. Juu ya hayo kuna joto na unyevunyevu wa Mtwara, jasho la bodaboda, na watu wanaokwenda kuogelea ufukwe wa Shangani siku ya nne baada ya kuchorwa. Sasa katika wiki hiyohiyo ndipo marafiki wanaomwona mteja hutoa hukumu: “Imeharibika hiyo.” Mteja mwenyewe hana jibu, na hukumu hiyo husambaa mtaani kabla ngozi haijapona. Inapofika wiki ya nne na mchoro ukawa umetulia vizuri, hakuna anayeuliza tena.

Fundi aliligundua hili kupitia daftari. Kila anayechorwa huandikwa tarehe, sehemu ya mwili, namba ya simu na jina la aliyemtuma, na fundi alipoanza kuwapigia wateja wa zamani alisikia malalamiko yaleyale ya siku za kati, hata kutoka kwa watu ambao michoro yao ilikuwa imepona vizuri. Hapo akabadilisha utaratibu. Kabla mteja hajaondoka anapewa karatasi ya Kiswahili inayoeleza siku kwa siku atakachokiona: lini pataanza kubanduka, lini kuwasha kutazidi, kwamba asikwangue, asikae kwenye maji ya bahari, aoshe kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato, na dalili zipi zinamtaka aende zahanati badala ya kurudi kwa fundi, yaani wekundu unaoenea, usaha, homa. Karibu na siku ya kumi anapigiwa simu ya kawaida. Baada ya mwezi anarudi bila malipo, mchoro unatazamwa kwenye mwanga wa dirishani, na palipopungua panajazwa.

Ukipenda unaweza kuita hayo huduma baada ya mauzo, lakini mimi nayaona kuwa ndiyo masoko yenyewe. Mteja aliyeambiwa mapema kwamba siku ya nane itakuwa mbaya huwa na jibu la kumpa rafiki yake siku ya nane: “Fundi alisema itabanduka hivi, subiri uone.” Jibu hilo linamwonyesha fundi kuwa mtu anayeijua kazi yake kwa nguvu ambayo mchoro mzuri peke yake hauna. Halafu ile siku ya kurudi baada ya mwezi humleta mteja akiwa hana maumivu, ameridhika, na mara nyingi akiwa na mwenzake aliyekuja “kumsindikiza”. Ukilipitia daftari utaona kwamba sehemu kubwa ya wateja wapya ni hao wasindikizaji.

Kwenye fremu nako hofu ya msingi hushughulikiwa kwa macho. Pakiti ya sindano hufunguliwa mbele ya mteja, yeye akiombwa asome tarehe ya mwisho wa matumizi, na baada ya kazi sindano hutumbukizwa mbele yake kwenye kisanduku cha sindano zilizotumika, ambacho hupelekwa kuteketezwa kwa mpango maalumu na kituo cha afya. Vifaa vya chuma vinavyorudiwa hutakaswa kwa mvuke wenye mgandamizo, nyuzi joto 121 kwa dakika 15, kwa kuwa kuchemsha kwenye sufuria hakutoshi. Watu wa Mtwara wanaifahamu VVU na wengi wameanza kuifahamu homa ya ini aina ya B, na anayewaonyesha bila kuulizwa kwamba hatari hizo anazijua huaminiwa upesi kuliko anayeapa kwamba yuko salama.

Kisha kuna wale anaowakataa. Hamchori mtu aliye chini ya miaka 18, umri ambao Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtu kuwa bado ni mtoto. Hamchori aliyelewa. Humwuliza kila kijana kama ana nia ya kuomba kazi polisi au jeshini, kwa sababu matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi huweka wazi kwamba mwombaji asiwe na alama ya kuchorwa mwilini, na vijana wengi huja bila kulijua hilo. Pia hulitazama kovu la chanjo ya kifua kikuu kwenye mkono wa juu. Kovu likiwa limevimba na kupanda juu ya ngozi, humweleza mteja kwamba mwili wake huenda ukatengeneza makovu ya namna hiyo mahali pengine, na kwamba kifua na mabega ndiyo sehemu zenye hatari zaidi. Wengine huondoka wakiwa wamenuna, na wapo walioweka nafasi kabisa wakarudishiwa fedha zao.

Mhasibu atasema hiyo ni hasara. Daftari linasema vingine, maana katika safu ya aliyemtuma mteja yamo majina ya watu ambao fundi hajawahi kuwachora. Kijana aliyeambiwa “wewe subiri matokeo ya polisi kwanza” alikwenda nyumbani akawasimulia, na kaka yake mwenye bajaji akaja. Mama mmoja alifika kwa hasira kumwuliza kama ndiye aliyemchora binti yake wa sekondari; alipoelezwa kwamba binti alifika na akarudishwa, aliondoka kimya, na tangu siku hiyo maneno makali kutoka upande ule wa mtaa yalipungua. Katika biashara isiyopendwa na majirani, kupungua kwa maneno ni sehemu ya kodi ya fremu.

Lipo jambo lingine la mkoa huu ambalo halikupangwa kama mbinu, na natumaini halitageuzwa kuwa mbinu. Wamakonde wa uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, na ndugu zao walio ng'ambo ya Ruvuma, walikuwa na ufundi wao wa kuandika ngozi. Uso na mwili vilichanjwa na mkaa wa mnyonyo ukasuguliwa ndani ya michanjo hadi ikabaki rangi ya buluu iliyokolea, kwa mistari iliyovunjika, pembe zinazofuatana na michoro ya mimea na wanyama, na alama hizohizo zimechongwa kwenye nyuso za mapiko, yaani vinyago vinavyovaliwa katika ngoma za Kimakonde. Leo zimebaki hasa kwa wazee. Mteja mmoja alifika akitaka alama za bibi yake zichorwe mkononi, akiwa na picha aliyoitoa kwenye simu ya mjomba. Fundi alimwambia arudi Newala kwanza amwombe bibi mwenyewe. Aliporudi alikuwa na karatasi ambayo bibi amechora kwa kalamu, akisahihisha picha, kwa maana mstari mmoja wa shavuni ulikuwa umefifia kwa uzee na haukuonekana tena. Fundi alichora kutoka kwenye karatasi ile. Familia nzima ilifahamu, na ndiyo tatuu pekee ninayoijua Mtwara iliyoonyeshwa kwa wazee badala ya kufichwa. Wengine wenye asili hiyo wamekuja baadaye, na kila mmoja anatakiwa kwanza aende kwa wazee wake. Michoro hiyo haitundikwi ukutani kwenye fremu wala haitolewi kwa mtu anayetaka tu “kitu cha Kimakonde”.

Udhaifu wa mfumo huu upo na lazima uelezwe. Ukuaji wake ni wa taratibu, na fedha hufuata msimu: kuanzia Novemba hadi Januari, wakulima wanapolipwa na malori yanapopanga foleni kuelekea bandarini, daftari hujaa, kuanzia Machi hadi Juni kurasa huwa nyeupe, na ukiingia mwezi wa Ramadhani fundi hufunga mapema na kutumia muda huo kuchora kwenye karatasi. Asiyeweka akiba Desemba hatalipa kodi Mei. Vilevile, maneno yanayomleta mteja ndiyo hayohayo yanayoweza kumwondoa. Maambukizi ya mteja mmoja yatafika kwa kinyozi, kwa mchora hina na kwa dereva wa bajaji ndani ya siku mbili, na hapatakuwa na akaunti ya kuandikia maelezo. Zaidi ya yote, imani yote imekaa kwa mtu mmoja. Akiugua, fremu haina jina linaloweza kufanya kazi bila yeye.

Ndiyo maana mpango wake wa sasa unanitia wasiwasi. Anataka kupanga chumba cha pili Masasi kabla msimu ujao haujaanza, amweke huko mwanafunzi anayemfundisha, na kulitumia jina lake kuvuta watu. Masasi ina wateja. Hilo sina shaka nalo. Lakini hakuna kinyozi wa Masasi mwenye mkono uliochorwa na mwanafunzi huyo, hakuna ngozi huko iliyopona chini ya uangalizi wake, na mtu wa Masasi hana sababu ya kuamini kwamba uangalifu wa Chikongola umehamia kwenye mkono wa mtu mwingine. Ushauri niliompa ni kwamba mwanafunzi abaki Mtwara kwa msimu mmoja mzima akiwa na daftari lake mwenyewe, awapigie wateja wake mwenyewe siku ya kumi, awapokee baada ya mwezi, na apitie angalau mara moja jambo la kumrudishia mtu fedha na kumwambia hapana. Baada ya hapo aende Masasi akiwa na mashine tu, atafute kinyozi mmoja na msusi mmoja, awachore, asubiri wapone, ndipo pango lilipwe.